Unyevu wa Mteja

Kwa miaka mitano kazi yangu imekuwa kuwaambia watu wazima kwamba wamemwaga maji. Siwaulizi, nawaambia. Mtu anaingia na laptop yake isiyowaka, risiti mkononi, cheti cha waranti amekihifadhi kwenye nailoni utadhani hati ya nyumba, na uso wake una utulivu wa mtu anayejua hatadaiwa kitu. Naipokea mashine kwa mikono miwili. Namwambia arudi baada ya siku tatu. Akirudi namwonyesha nukta tatu nyekundu ndani ya mashine yake, nampa karatasi ya makadirio ya gharama, na ule utulivu unamtoka.

Nukta hizo ni stika. Kampuni inayotengeneza mashine hizi huzibandika kiwandani, ndogo kama punje za dengu: moja chini ya kibodi, ya pili kando ya tundu la chaja, ya tatu juu ya mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu. Zinatoka kiwandani nyeupe. Zikiguswa na maji hugeuka nyekundu na hazirudi tena. Waranti inafidia hitilafu yoyote ya kiwandani, lakini haifidii maji, chai, soda wala machozi. Zikiwa nyeupe, kampuni inalipa. Zikiwa nyekundu, mteja anajilipia. Nilisomea ufundi miaka mitatu, nina cheti ukutani, na kazi yenyewe ni kutambua rangi mbili.

Kituo chetu kina watu watatu: mimi, dada wa mapokezi, na bosi tunayemwita Kifungu, kwa sababu hana neno lisilo na namba. Ukichelewa ni kifungu cha tatu. Ukiomba ruhusa kwenda kuzika ni kifungu cha tisa, na anataka kujua marehemu ni nani wako hasa. Fomu yetu ya uchunguzi aliitunga yeye. Juu kabisa pana nafasi ya "Sababu ya kukataa", na chini yake ndiyo inakuja nafasi ya "Tatizo". Nilipomuuliza kwa nini jibu limetangulia swali, aliniambia inaokoa muda.

Miezi minane iliyopita alikuja na utaratibu mpya. Kila mashine ikipokelewa, kabla haijafunguliwa, ikae siku mbili kwenye rafu ya waya kule stoo, imefunuliwa na kupinduliwa kama hema, kibodi ikitazama chini. Kama ina maji, alisema, yashuke yenyewe yasije yakaharibu vifaa vyetu. Nilimwona kuwa mtu mwenye akili. Stoo ndiyo karakana yangu pia: meza moja, kiti kimoja, rafu, na chini ya rafu ile soketi pekee inayofanya kazi, ambayo nimechomekea birika langu la umeme. Mimi ni mtu wa chai. Nakunywa vikombe vinane kwa siku, na birika lenyewe swichi yake ya kujizima ilikufa zamani, kwa hiyo huchemka mpaka nitakapolikumbuka. Kulitengeneza ni kazi ya dakika kumi. Nimekuwa nikiahirisha kwa sababu nina kazi za watu.

Kabla ya utaratibu ule, kati ya mashine kumi, mbili zilikuwa na unyevu. Baada yake zikawa tisa. Wengine wangejiuliza. Sisi tulipongezana. Kampuni ilituletea cheti cha Kituo Makini cha Mwaka, Kifungu akakitilia fremu ya dhahabu ya bandia na kukitundika juu ya kiti chake, na mimi kichwa kikanivimba kuliko yeye. Nikawa na nadharia. Nilijua wanasheria humwaga kahawa, wanafunzi humwaga soda, na wachumba humwagiana. Nilikuwa nikisimulia hayo nyumbani mezani, watu wakicheka hadi kushika mbavu.

Tena tulikuwa na karatasi inayoitwa Tamko la Mteja. Ukikubali kwa maandishi kwamba maji yaliingia, unapunguziwa kidogo kwenye gharama. Ukishasaini, huna tena pa kulalamikia. Karatasi ina mstari unaouliza "Aliyemwaga", na Kifungu hakubali uachwe wazi. Watu huanza kwa kula kiapo, kisha hukasirika, halafu huchoka. Wakichoka huanza kutafuta wa kumbandika. Wameandika mtoto wa jirani. Wameandika paka. Dada mmoja aliandika jina kamili la mume aliyeachana naye mwaka juzi, akasaini kwa furaha, akaondoka bila hata kudai risiti.

Mwingine alikuwa mhasibu wa makamo, aliyekuja na baba yake. Mzee alikuwa fundi saa aliyestaafu, mtu mwembamba aliyefunga vifungo vyote vya shati. Nilipotoa hukumu yangu, mhasibu alimgeukia baba yake, kwa kuwa nyumbani wanakaa wawili tu wakati wa mchana, mzee na laptop.

"Mimi sijamwaga kitu," alisema mzee.

Nikamwambia mwanawe, bila hata kumtazama mzee mwenyewe, kwamba umri nao una mambo yake, mikono hutetemeka bila mtu kujua. Mzee akainyoosha mikono yake juu ya kaunta, vidole vimetandazwa. Haikutetemeka hata kidogo. Mimi nikatazama saa ya ukutani. Mhasibu akachukua kalamu, na kwenye mstari wa aliyemwaga akaandika: Baba.

Mwezi uliofuata alirudi kununua chaja, akaniambia wamepata dawa. Wamemnunulia mzee kikombe cha mtoto, cha plastiki, chenye kifuniko na mdomo wa kunyonyea, na wamemkataza kuikaribia meza ya kompyuta. Nilicheka. Nikaipeleka habari hiyo nyumbani kama zawadi, nikaisimulia mezani nikiigiza namna mzee anavyonyonya chai. Mke wangu alicheka. Shemeji zangu walicheka. Mama mkwe peke yake aliendelea kula, akaniuliza tu kama huyo mzee alikuwa na jina.

Huyo mama mkwe alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na sita, na kustaafu hakujamgusa. Anasahihisha magazeti. Alisahihisha kadi ya mwaliko wa harusi yetu kwa kalamu nyekundu na kuirudisha kwetu. Tangu astaafu anafundisha kwa kompyuta, jioni, watoto kumi na wanne kila mmoja kwao, na hicho ndicho kinachomlipia kodi ya nyumba. Laptop aliinunua kwetu kwa kushawishiwa na mimi. Nilimwambia anunue ile yenye waranti ya miaka miwili. Nilimwambia, kwa mdomo wangu huu, kwamba ikipata shida yoyote mimi nipo.

Ikapata shida. Jumamosi moja, wiki tatu kabla ya mitihani ya wale watoto, ilizima katikati ya somo na haikuwaka tena. Jumapili nikaenda kwake na mke wangu. Tulimkuta ameiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, na pembeni bisibisi yake mwenyewe.

"Ifungue," alisema.

"Mama, hizi hufunguliwa ofisini. Ni sheria."

"Kwani wewe si ndiye ofisi?"

Nikaifungua. Yeye alishika tochi, na mkono wake ulikuwa thabiti kuliko wa kijana yeyote aliyewahi kunishikia. Nilipima kwa mita nikakuta kijidude kimoja cha umeme karibu na tundu la chaja kimeungua. Ni ugonjwa wa kiwandani wa toleo lile, naujua kama ninavyoijua njia ya kwenda kazini. Dawa yake ni mazabodi mpya. Bei ya mazabodi peke yake inazidi nusu ya bei ya mashine nzima, na mama mkwe hana pesa hiyo, wala mimi sina.

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Hii inaingia kwenye waranti moja kwa moja."

"Na hivyo vijidoa vyeupe ni nini?"

Hapo nikapata pa kutambia. Nikamweleza kwamba hao ndio mashahidi wangu. Wateja hudanganya, stika hazidanganyi. Zikiwa nyeupe mteja hana kosa, zikiwa nyekundu kamwaga, hata akilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda chumbani, akarudi na daftari. Akaandika tarehe, akaandika: stika tatu, zote nyeupe, hakuna maji. Akanigeuzia.

"Weka saini."

"Mama, mimi si mkweo?"

"Ndiyo maana nataka saini."

Nikasaini huku mke wangu akicheka pembeni. Nikaifunga mashine, nikaondoka nayo mwenyewe, ikalala kwetu juu ya kabati. Jumatatu asubuhi nikaipokelea pale kaunta kama ya mteja mwingine yeyote, dada wa mapokezi akaipa namba, mimi nikaipindua kama hema kwenye rafu, kibodi chini. Nikachemsha chai. Siku mbili zilipita nikiwapa watu habari mbaya.

Jumatano nikaiweka mezani na kufungua skrubu kumi za mgongo wake. Stika ya kibodi ilikuwa nyekundu. Ya tundu la chaja ilikuwa nyekundu. Ya mazabodi ilikuwa nyekundu. Na mkono wangu, nasema mkono kwa sababu kichwa hakikuhusika, ulichukua kalamu na kuandika kwenye nafasi ya kwanza ya fomu maneno uliyoyaandika kwa miezi minane: Unyevu wa mteja. Ndipo nikasoma jina la mteja.

Nilikaa. Nakiri kwamba kwanza nilimshuku yeye. Akili iliyozoea kukataa haikosi pa kuanzia: labda alimwaga Jumapili usiku. Lakini Jumapili usiku mashine ilikuwa kwangu. Basi labda mke wangu aliifuta kwa kitambaa kibichi. Labda mvua ilininyeshea njiani, na mvua yenyewe haikuwa imenyesha wiki ya tatu hiyo. Nilimtafuta mwenye hatia kila pembe, na nyuma yangu birika lilikuwa linatokota.

Lilitokota kwa muda mrefu, kama kawaida yake, likingoja nilikumbuke. Niligeuka. Mvuke ulikuwa unapanda mnene, unapita katikati ya waya za rafu kama vile hakuna rafu, unaingia moja kwa moja kwenye kibodi za mashine nne zilizopinduliwa pale juu, hema nne zilizopangwa vizuri kabisa kuupokea. Nikapeleka kiganja chini ya mojawapo, ya mteja ambaye hata sura yake sikuwa nimeiona. Kikarudi kimelowa.

Nililizima birika. Kisha nikatoa faili la waliokataliwa tangu utaratibu mpya uanze, nikahesabu fomu mia moja na kumi na tatu. Ningependa kusema kwamba nilisikia uchungu papo hapo. Kitu nilichosikia kwanza ni aibu ya fundi. Nimewacheka watu mia moja na kumi na tatu kwa kutojua kutunza mashine, na mimi nimekuwa nikizipikia mvuke kwa vikombe vinane kwa siku.

Kifungu alikuwa ofisini kwake chini ya fremu ya dhahabu.

"Bosi, yale maji ni yetu."

"Maji yapi?"

"Yote."

Alinifuata hadi stoo. Nikamwonyesha. Aliinama, akalitazama birika, akaitazama rafu, akapima umbali kwa macho. Kifungu si mjinga. Nilimwona akielewa, na nilimwona akianza kutafuta namba.

"Hili birika la nani?"

"Langu."

"Basi sema maji yako. Usiseme yetu."

"Na hema ni la nani, bosi?"

Akauliza nina ushahidi gani, maana stika hata mteja mwenyewe angeweza kuzilowesha kabla ya kuleta. Nikamweleza habari ya Jumapili na daftari. Nilidhani namletea jiwe la kumponda, kumbe nimempa rungu. Uso ulimchangamka.

"Kwa hiyo uliifungua mashine ya waranti nje ya kituo. Nyumbani kwa mtu. Kifungu cha kumi na mbili, Fundi. Hicho hakina onyo. Ni barua tu na kwaheri."

Akarudi ofisini nami nikamfuata, na alipokaa akawa mpole ghafla, akaniita ndugu yangu. Akasema yeye si mtu wa kuharibia watu maisha. Mama mkwe wangu ni mama yake. Andika hitilafu ya kiwandani, stika nyeupe, mazabodi aagiziwe leo leo. Ile Jumapili haikuwepo. Birika lihamie mapokezi taratibu, lisizue maswali. Na hizo zilizopita, alisema, zimepita. Watu wameshalipa, wameshasaini, wameshasahau. Nani atafaidika tukianza kuwaamsha?

Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka kuliko nilivyoisema siku ya harusi yangu. Nikachana ile fomu, nikajaza nyingine, na birika likahamia mapokezi, ambako dada wa mapokezi alilizima kila lilipochemka kwa sababu yeye ana akili.

Mazabodi ilifika baada ya siku tisa. Jumapili iliyofuata nikampelekea mama mkwe laptop yake, inawaka, imefutwa hadi kioo kinang'aa. Alimpigia mwanafunzi mmoja kuijaribu, akamuuliza swali la sehemu, mtoto akakosa, mama mkwe akatabasamu. Nyumba nzima ilifurahi. Mke wangu alinishika bega mbele ya kaka zake, jambo ambalo halifanyi hivi hivi. Nikaona ndiyo nafasi ya kusimulia. Nikasimulia yote, birika, hema, mkono ulioandika wenyewe, uso wa Kifungu, nikitia chumvi pale panapostahili. Shemeji mmoja alicheka hadi akapaliwa.

Mama mkwe alikuwa anasoma fomu ya matengenezo. Anasoma kila karatasi inayoingia nyumbani kwake.

"Hapa umeandika stika zilikuwa nyeupe."

"Ndiyo, Mama."

"Zilikuwa nyeupe?"

"Zilikuwa nyeupe Jumapili. Jumatano zilikuwa nyekundu. Ila Mama, si umeshatengenezewa?"

"Nimeuliza rangi, sijauliza kama nimetengenezewa." Akavua miwani. "Tangu birika likae pale, ni wangapi?"

"Mia moja na kumi na tatu. Mia moja na kumi na wanne ukijihesabu wewe."

"Na yule mzee wa kikombe yumo?"

Nilitaka kusema sikumbuki, lakini mbele ya mwanamke huyu hata waziri angekumbuka. Nikasema yumo. Nikaeleza habari ya kifungu cha kumi na mbili, kwamba nikifungua mdomo kazi sina, kwamba nimefanya hivyo kwa ajili yake.

"Usinitwike mimi," alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi nilikuwa na haki ya kutengenezewa toka mwanzo, hukunipa zawadi. Umekuwa ukikaa hapa mezani kwangu unamwigiza mtu mzima anayenyonya chai kwa sababu yako wewe. Ungenikuta sina daftari, na mimi ungeniandika. Mwanangu angeninunulia kikombe."

Mke wangu aliinamisha uso. Nadhani aliwaza kama kweli angekinunua. Mimi nilijua jibu, na roho iliniuma kwa sababu nilijua pia nani angemshauri.

Mama mkwe akachukua kalamu nyekundu kutoka kwenye kikopo chake, akapiga mstari juu ya neno "nyeupe", na chini ya saini yangu akaandika neno moja ambalo ameliandikia vizazi vya watoto: Rudia. Akanirudishia karatasi, akaenda kufundisha.

Sikulala vizuri juma zima, lakini sitaki kujikosha. Sikukawia kwa sababu ya kutafakari. Nilikawia kwa woga. Nilipiga hesabu ya kodi, ya ada, ya siku ngapi tungeishi kwa mshahara wa mke wangu peke yake, na kila nilipomaliza hesabu niliona lile neno jekundu kwenye karatasi iliyokuwa mfukoni mwangu. Jumamosi, saa saba mchana, dada wa mapokezi alipokwenda kula, nikaweka lile faili juu ya kaunta na kuvuta simu ya ofisi.

Sikuanza na fomu ya kwanza. Nilimtafuta mhasibu. Simu yake ilikuwa inatumika, nikajaribu tena, bado. Chini ya namba yake palikuwa na namba ya pili, ya mtu wa karibu. Nikaipiga hiyo, na aliyepokea nilimjua kwa neno moja tu.

"Nani?"

"Shikamoo mzee. Ni fundi wa kompyuta, wa kile kituo mlichokuja na mwanao."

"Marahaba. Mpigie mwanangu. Mimi nimekatazwa habari za kompyuta."

"Nimekutafuta wewe, mzee."

Nyuma yake nilisikia sahani na sauti za watoto. Walikuwa mezani. Nyuma yangu mimi mlango wa ofisi ulifunguka, na Kifungu akasimama pale. Aliona faili, akaona simu. Akanyanyua vidole, kumi, kisha viwili, taratibu, nivihesabu vizuri.

"Nakusikia," alisema mzee.

"Yale maji, mzee. Kwenye laptop. Tulikosea. Maji yaliingilia hapa kwetu, baada ya nyinyi kuileta. Ilipofika ilikuwa kavu."

"Kwa hiyo mimi sikumwaga."

"Hukumwaga."

"Nilikunyooshea mikono yangu pale."

"Ndiyo, mzee. Niliiona."

"Kata simu," alisema Kifungu. Hakuwa amekasirika, alikuwa anaomba. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema jambo bila kulitilia namba.

Upande wa pili nilisikia kiti kikisogezwa, na mzee akiwaambia watu wanyamaze, wote, na yule mhasibu aache simu yake. Kisha kitu cha plastiki kikawekwa mezani, karibu kabisa na simu.

"Sasa nimeweka sauti kubwa," alisema mzee. "Mwanangu yupo, mkewe yupo, wajukuu wapo. Rudia ulichoniambia. Na ukifika pale pa aliyemwaga, usiseme tulikosea. Taja mtu."

Nikamtazama Kifungu, nikalitazama birika langu juu ya meza ya mapokezi, limezimwa.

"Ni mimi, mzee," nikasema. "Nilimwaga mimi."